Ruwenzori, Semliki na Ishango: hazina iliyo mlangoni mwetu

Tarehe 21 Aprili 2025 Mbuga ya Taifa ya Virunga ilitimiza miaka 100. Ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza kuundwa katika bara la Afrika. Sikukuu hiyo iliikuta sehemu kubwa ya upande wa kusini ikiwa mikononi mwa waasi wa M23, na upande wetu wa kaskazini ukiwa bado katika vita na ADF. Kwa hiyo wakaaji wengi wa Beni na Butembo hawakuwa na nafasi ya kufikiri juu ya jambo hilo.

Tena, wanaoandika juu ya Virunga huandika hasa juu ya gorila wa milimani na volkeno ya Nyiragongo. Upande wetu hutajwa kwa mistari michache, na siku hizi hutajwa pamoja na hesabu ya waliouawa. Lakini ndani ya teritware ya Beni kuna mlima wenye barafu karibu na ikweta, kuna pori ambamo wazungu walipata habari za okapi, na kuna kijiji ambamo ulipatikana mfupa unaotajwa katika vitabu vya hesabu duniani kote. Watu walivuka bahari kuja kuvitazama. Mtoto wa Beni anaweza kumaliza shule bila kujua kwamba viko kwao.

Maandishi haya yanaeleza vitu hivyo vitatu, namna vilivyofungiwa ndani ya mipaka, na kwa nini leo watu wetu wanaviogopa au wanavichukia. Ninaamini jambo moja, nalo nitalionyesha kwa historia yenyewe: karibu kila kitu ambacho wageni walisema wamekivumbua huku, kuna mwenyeji aliyewaonyesha. Mbuga iliyosahau jambo hilo haiwezi kupata ulinzi wa kweli.

Mlima wa theluji

Tuanze na mlima. Katika lugha ya Kinande na ya ndugu zetu Wakonzo wa Uganda, theluji huitwa nzururu. Kutokana na neno hilo walisema Rwenzururu, mahali pa theluji, na wazungu wakaandika Ruwenzori. Wazee walisimulia kwamba kule juu anakaa Kitasamba, mwenye enzi juu ya theluji, na kwamba mtu hapandi huko ovyo ovyo. Wageni walipokuja, mlima ulikuwa na jina na ulikuwa na mwenyewe.

Wazungu kwa karne nyingi walikuwa wamesoma katika vitabu vya Ptolemy, mtaalamu wa kale wa Aleksandria, kwamba mto Nile unaanzia katika Milima ya Mwezi yenye theluji. Hakuna aliyejua iko wapi. Sababu ni kwamba Ruwenzori hufunikwa na mawingu siku nyingi za mwaka. Unaweza kupita chini yake wiki nzima usijue kuna barafu juu ya kichwa chako.

Mwaka 1888 Henry Morton Stanley alikuwa upande wa Ziwa Albert, katika msafara wa kumwokoa Emin Pasha. Yeye mwenyewe ameandika kwamba aliyemwonyesha kilele cheupe alikuwa kijana wa msafara wake, aliyesema kuna mlima uliofunikwa kwa chumvi. Stanley alitazama, akafahamu kwamba ile si chumvi bali ni theluji. Dunia nzima ilisoma kwamba Stanley ameona Ruwenzori. Kijana yule hakubaki na jina.

Mwaka 1889 msafara huo ulipita katika bonde la Semliki, huku huku kwetu, na mmoja wa maofisa wake, William Stairs, alijaribu kupanda akaishia katikati. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda kutokea magharibi kwa kufuata bonde la mto Butahu, mto uleule unaopita Mutwanga. Mwaka 1906 mwana wa ufalme wa Italia, Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, alifika kwenye kilele cha juu kutokea upande wa Uganda. Akakipa jina la malkia wao, Margherita. Kilele hicho kina urefu wa mita 5,109. Ni cha tatu katika Afrika, baada ya Kilimanjaro na mlima Kenya, na mpaka wa Congo na Uganda unapita hapo juu.

Kwa upande wetu, kazi kubwa ilifanywa mwaka 1932 na msafara wa Wabelgiji ulioongozwa na Xavier de Grunne. Walipanda wakichunguza mimea, wanyama, mawe na barafu. Lakini barafu haikupandwa na wataalamu peke yao. Vyakula, mahema, vyombo vya kupimia na kuni vilipandishwa juu kwa migongo ya wapagazi, watu wa vijiji vya chini ya mlima, waliokuwa wanajua mahali pa kuvukia mito na mapango ya kulalamo.

Njia ya upande wa Congo inaanzia Mutwanga, kwenye kituo cha mbuga cha Mutsora. Mtu anapita kwanza katika mashamba ya kakao, kahawa, mihogo na ndizi. Halafu anaingia katika pori refu lenye majani yaliyosongamana mpaka nyumba ya wapandaji ya Kalonge, kwenye mita 2,100 hivi. Hapo mianzi inaanza. Juu ya mianzi anafika nyumba ya Mahangu, kwenye mita 3,300, ambako miti ya aina ya erika, ambayo mahali pengine ni vichaka vya kufika magotini, imekuwa mirefu kama nyumba na imevaa ndevu za kuvu. Kisha anafika Kiondo, kupita mita 4,200, kwenye mimea mikubwa ya ajabu ya lobelia na senesio, na maziwa madogo ambayo wazungu waliyaita Ziwa Jeusi, Ziwa la Kijani na Ziwa la Kijivu. Baada ya hapo ni mawe na barafu. Kwa siku chache mtu ametoka katika joto la Semliki akaingia katika baridi kama ya Ulaya, naye bado yuko katika teritware ya Beni.

Mnyama aliyejulikana na Wambuti

Kitu cha pili ni okapi. Wengi hudhani habari yake ni ya Epulu, kule Ituri, ambako kuna hifadhi yake. Kweli okapi wengi wako Ituri. Lakini historia ya wazungu kumfahamu inapita Beni, wakati ilipoitwa Mbeni na ilipokuwa kituo cha askari wa Serikali Huru ya Congo ya mfalme Leopold.

Stanley alikuwa ameandika kwa kifupi kwamba Wambuti wa pori wanamjua mnyama anayefanana na punda, naye huanguka katika mashimo yao ya kuwindia. Maneno hayo yalisomwa na Harry Johnston, aliyekuja kuwa mkuu wa serikali ya Kiingereza huko Uganda. Wakati huo Mjerumani mmoja alikuwa amewachukua Wambuti ili akawaonyeshe watu kwenye maonyesho ya Paris, kama vile vitu vya kutazamwa. Johnston aliwatoa mikononi mwake, na mwaka 1900 akawarudisha kwao kupitia Mbeni. Njiani aliwauliza juu ya mnyama yule. Wakamweleza vizuri.

Walipofika porini walimwonyesha nyayo zake. Johnston alikataa. Yeye kichwani alikuwa anatafuta mnyama wa jamaa ya farasi, mwenye kwato moja, na nyayo zile zilikuwa za kwato mbili. Akadhani wanamdanganya. Baadaye alipata vipande vya ngozi yenye mistari, ambayo askari walikuwa wameitengeneza mikanda, akavituma London. Mwaka 1901 wataalamu huko, wakifuata vipande vile, walimpa mnyama jina la jamaa ya farasi. Mwaka huohuo Karl Eriksson, ofisa Mswidi aliyekuwa kazini Mbeni, alimtumia Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Ndipo ikaonekana kwamba Wambuti walisema kweli: kwato ni mbili, na mnyama huyu ni ndugu wa twiga. Jina likabadilishwa kuwa Okapia johnstoni. Okapia ni neno la watu wa pori, na johnstoni ni jina la yule aliyekataa nyayo.

Kwa miaka mingi ilifikiriwa kwamba okapi wamekwisha katika Virunga. Mwaka 2006 wachunguzi walikuta tena dalili zao upande wa Semliki, na mwaka 2008 kamera zilizofichwa porini zilipiga picha zao. Walikuwapo wakati wote huo. Pori la Watalinga lilikuwa limewaficha.

Mfupa wa Ishango

Kitu cha tatu kiko Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward. Mwaka 1935 mtaalamu wa viumbe vya maji, Hubert Damas, alikuja kuchunguza ziwa, akakuta mabaki ya kale ukingoni. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo. Alitoa vyusa vya mifupa vyenye meno, mawe ya kusagia, mifupa ya samaki na ya watu. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na kimfupa chenye urefu wa sentimita 10 hivi, cha rangi ya kahawia iliyokoza, chenye kipande cha jiwe gumu kilichochomekwa kwenye ncha, na mistari iliyokatwa kwa mafungu.

Mafungu hayo yako katika safu tatu. Safu moja ina mistari 11, 13, 17 na 19. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Ukijumlisha kila moja ya safu hizo unapata 60. Safu ya katikati inaanza na 3 na 6, halafu 4 na 8, halafu 10 na 5, halafu 5 na 7, na jumla yake ni 48. De Heinzelin alifikiri ni mchezo wa hesabu: kuzidisha kwa mbili, kugawanya kwa mbili, na kuongeza au kupunguza moja kwenye 10 na 20. Mtaalamu mwingine, Alexander Marshack, alisema ni hesabu ya siku za mwezi wa mbinguni. Kuna wanaosema mistari ilikatwa tu ili mkono usiteleze. Mabishano hayo hayajaisha. Ambalo wengi wamekubali ni umri wake: miaka 20,000 hivi.

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Kabla ya Misri ya mafarao, kabla ya Babeli, mtu aliyekaa pale Semliki inapoanzia alikuwa anavua samaki kwa chusa, na huenda alikuwa anahesabu kwa maandishi ya mistari. Si mbali na hapo, Katanda, kwenye ukingo wa mto uleule, Alison Brooks na John Yellen walichimba vyusa vya mifupa ambavyo, kwa vipimo walivyotangaza mwaka 1995, vina umri wa karibu miaka 90,000. Kuna wataalamu wanaobishia umri huo. Hata hivyo, samaki waliovuliwa pale walikuwa wakubwa, na kuwavua kulihitaji kujua majira yao.

Mfupa wa Ishango uko Brussels, katika jumba la makumbusho la sayansi ya viumbe. Mwanafunzi wa Ubelgiji anaweza kwenda kuuona alasiri moja baada ya masomo. Mwanafunzi wa Kyavinyonge, anayeishi karibu na Ishango, ana bahati akikuta picha yake.

Jinsi mpaka ulivyochorwa

Sasa tuulize: vitu hivi vyote viliingiaje ndani ya mbuga, na watu wakatokaje?

Amri ya kwanza ya mfalme Albert wa Ubelgiji, ya mwaka 1925, ilihusu volkeno za kusini tu, ili kuwalinda gorila. Mbuga iliitwa Albert. Mwaka 1929 ilipanuliwa, na mwaka 1935 ikafika huku: Semliki, pori la chini na mteremko wa Ruwenzori. Leo ina kilomita za mraba karibu 7,800, kutoka Semliki ya chini, isiyozidi mita 700 juu ya bahari, hadi barafu ya Margherita. Ndiyo sababu UNESCO inahesabu ndani yake aina 218 za wanyama wanyonyeshao na aina 706 za ndege.

Bonde la Semliki halikuwa tupu. Ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, uliua watu wengi, na serikali ya kikoloni iliwahamisha wakaaji ikisema inawaokoa. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, hilo hakuna anayekana. Lakini watu walipotolewa, ardhi yao ilitiwa ndani ya mbuga, na ugonjwa ulipopungua hawakurudishwa. Kutoka hapo ndipo yalipoanza maneno ambayo unayasikia mpaka leo vijijini: kwamba parki ilichukua ardhi ya babu zetu. Anayeyasema si lazima awe mjinga au mtu aliyechochewa. Anasimulia historia ya ukoo wake.

Ziwani pia kanuni zilikuja. Wavuvi waliruhusiwa kukaa katika vijiji vitatu tu upande wa Congo: Kyavinyonge, Vitshumbi na Nyakakoma, chini ya ushirika ambao leo unaitwa COPEVI. Idadi ya mitumbwi iliwekewa kikomo. Mengine yote yaliitwa uvuvi wa wizi.

Ni haki tuseme pia upande wa pili. Pasipo mpaka ule, pori la Semliki lingekuwa limekwisha kuwa mbao na makala ya kupikia. Kuna mfano mmoja unaoonyesha vizuri. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 30,000, kundi ambalo halikuwa na mfano duniani. Kiboko hula majani usiku nchi kavu, na mchana hukaa majini na kuacha mavi. Mavi hayo hulisha vijimea, vijimea hulisha samaki. Vita vilipokuja, askari na wapiganaji wa kila namna waliwapiga risasi kwa ajili ya nyama na meno, na kunako mwaka 2005 waliobaki hawakufika 1,000. Samaki pia walipungua, kwa sababu hiyo na kwa sababu ya nyavu za macho madogo. Aliyeumia kwanza ni mvuvi, kabla ya mtalii. Mvuvi aliyelaani mpaka alikuwa anakula kutokana na kilichokuwa ndani ya mpaka. Hakuna aliyemweleza hivyo, na hakuna aliyemwita mezani alipopangiwa kanuni.

Miaka ya wageni na miaka ya woga

Baada ya uhuru, mwaka 1969, mbuga iliitwa Virunga. Rais Mobutu aliipenda na alijivuna nayo mbele ya wageni. Mwaka 1973 hata Ziwa Edward liliitwa Ziwa Idi Amin Dada, jina ambalo halikudumu. Mwaka 1979 UNESCO iliandika Virunga katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni walikuja, wapandaji mlima walipita Mutwanga, na wapagazi na waongozaji walipata mshahara. Wazee wa Mutwanga wanaikumbuka biashara hiyo, kwa sababu ilikuwa mojawapo ya njia chache ambazo mbuga ililipa kijiji.

Mwaka 1994 Virunga iliandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na haijatoka humo hadi leo. Sababu ya kwanza ilikuwa wimbi la wakimbizi wa Rwanda kusini. Kwetu hatari ilikuja kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1995 waasi wa Uganda, ADF, walijificha katika Ruwenzori. Mlima uliokuwa wa Kitasamba na wa wapagazi ukawa wa watu wenye silaha. Kuanzia Oktoba 2014 mauaji ya raia yalianza Beni na vijiji vyake, na hayajakoma. Tarehe 7 Desemba 2017, kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa karibu na Semliki, waliuawa walinda amani 15 wa Tanzania, wana wa nchi inayosema lugha hii tunayoandika. Mwaka 2018 Ebola ilianzia Mangina, ikaua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kuisha mwaka 2020. Mwaka 2021 ulikuja utawala wa kijeshi jimboni, na mwezi wa Novemba mwaka huo majeshi ya Congo na Uganda yalianza operesheni ya pamoja.

Walinzi wa mbuga nao wanakufa. Zaidi ya 200 wameuawa katika historia ya Virunga. Wengi ni vijana wa vijiji hivi hivi, wenye wake na watoto katika vijiji hivi hivi. Mtu anapomwita mlinzi adui, mara nyingi anamsema mtoto wa jirani yake.

Matokeo yake ni kwamba neno pori limebadilika maana. Kwa mkulima wa kakao wa Halungupa au wa Bulongo, pori si mahali pa kutembelea. Ni mahali wanapotokea wauaji wakati wa mavuno. Ukimwambia habari za vivutio vya utalii atakutazama tu. Nami sitamlaumu.

Yanayorudi na yanayoondoka

Hata hivyo kuna mambo yanayorudi, na ni haki yetu kuyajua kama tunavyojua mabaya. Mwaka 2020 tembo zaidi ya 500 walivuka kutoka upande wa Uganda wakaingia Virunga. Katika mlima Tshiaberimu, magharibi ya Ziwa Edward, ambako gorila wa nyanda za mashariki walikuwa wamebaki wachache wa kuhesabika kwa vidole, mwaka 2024 waliletwa majike wanne waliolelewa katika kituo cha Kasugho, teritware ya Lubero. Ni wenyeji wa Lubero ndio waliowatunza miaka yote hiyo, katika nchi yenye vita.

Na kuna umeme. Tangu mwaka 2013 maji ya Butahu yanazungusha mashine Mutwanga. Maji hayo yanatoka mlimani, kwenye mvua na barafu za Ruwenzori. Kwa umeme huo kiwanda cha sabuni kinakamua mafuta ya mawese, na kakao ya Beni, ambayo zamani ilivuka Kasindi ikiwa mbegu tu, sasa sehemu yake inageuzwa chokoleti hapohapo. Viwanda hivyo haviwezi kuajiri vijana wote. Lakini mwenye taa nyumbani kutokana na mto anaelewa bila mahubiri kwa nini pori la juu lisikatwe: pori likiisha, mto hukauka wakati wa kiangazi na hufurika wakati wa mvua.

Jambo moja halitarudi upesi, nalo ni barafu. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilifunika kilomita za mraba 6.5 hivi. Kufikia mwaka 2003 haikufika hata moja, na inaendelea kupungua kwa sababu ya joto la dunia. Watoto wanaozaliwa Mutwanga leo huenda wakawa wa mwisho kuiona nzururu kwa macho. Watakaofuata watabaki na neno bila kitu chake.

Kwa hiyo tunadai nini?

Hatudai wageni waje kesho. Kumwita mtalii mahali ambapo mwenyeji anakimbia ni aibu. Usalama ni wa kwanza, na ni wa mkulima kabla ya kuwa wa mpanda mlima.

Lakini yapo yanayoweza kufanyika hata sasa. Shule za Beni, Butembo, Mutwanga na Kasindi zinaweza kufundisha mfupa wa Ishango katika somo la hesabu. Safu tatu zile zinaandikwa ubaoni kwa dakika mbili. Mji wa Beni unaweza kuweka ukumbusho wa okapi unaoeleza kwamba Wambuti walikuwa na haki kuhusu zile kwato mbili. Wakubwa wa serikali wanaweza kuomba nakala kamili za vitu vya Ishango ziletwe huku, na kuuliza waziwazi vyenyewe vitarudi lini. Mipaka ya 1935 ikipimwa tena ardhini, machifu na wakulima wawepo, na kila jiwe la mpaka lielezwe kwa lugha wanayoisikia. Na mwongozaji au mpagazi wa zamani aliye bado hai akae na kijana mwenye simu, ayataje majina ya njia, mito na mapango yaliyorekodiwe. Wazee hao hawatuongojei.

Johnston alionyeshwa nyayo akazikataa, na ukweli ulichelewa. Mtoto wa Beni anayejua kwamba huko kwao kulihesabiwa miaka 20,000 iliyopita atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kulinda Semliki, hata siku ambayo hakuna mtalii wala mlinzi anayemtazama.